Biwi Halitaki Kuwaka, Biwi Halitaki Kuzimika: Kutatua Matatizo ya Kuchoma Magugu na Matawi ya Uani

Anayeishi jirani na nyika au msitu husafisha uani kwa sababu moja: moto wa nyika ukija, usikute chakula mlangoni kwake. Majani makavu, matawi yaliyokatwa, magugu yaliyong'olewa, vyote hurundikwa biwi na kuchomwa. Kazi hii ikifanywa vizuri huokoa nyumba. Ikifanywa vibaya, moto tuliokuwa tunaukimbia tunauwasha wenyewe.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, yaani kile unachokiona kwa macho au kukinusa ukiwa umesimama pale na reki mkononi. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na ya mwisho ni ya nadra. Kama muda huu unaposoma moto umeshatoka nje ya biwi, ruka yote mengine, nenda kwenye dalili ya tano.

Kabla ya kibiriti, mambo manne. Uliza kama kuchoma kunaruhusiwa leo, kwa maana mahali pengi huhitaji kibali, na msimu wa kiangazi kuna siku za marufuku kabisa. Sikiliza utabiri wa hewa wa leo na wa siku mbili tatu zijazo, kwa sababu makaa yatakuwa bado hai siku hizo. Weka maji yanayotosha karibu, mpira uliofungwa bombani na umeshajaribiwa, au mapipa na ndoo, pamoja na sepetu na reki. Na uwe na mtu wa pili, ili mmoja akienda kupiga simu mwingine abaki.

Dalili ya kwanza: biwi linafuka moshi mweupe mzito, lakini haliwaki

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni matawi mabichi. Tawi lililokatwa leo huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto hauwezi kulichoma kabla ya kuyachemsha maji hayo, na huo weupe unaouona sehemu kubwa ni mvuke. Kipimo ni rahisi: chukua kijiti chenye unene wa kidole, kivunje. Kikavu hukatika kwa mlio. Kibichi hupinda, ganda linachubuka na chini yake pana kijani. Kikipinda, acha. Subiri wiki sita hadi nane za jua, na matawi manene yaache zaidi. Kama mvua inakuja, funika kitovu cha biwi kwa turubai ili pabaki sehemu kavu ya kuwashia, na siku ya kuchoma litoe turubai lote kwanza.

Sababu ya pili ni biwi lililokosa pumzi. Majani yaliyoshindiliwa pamoja na udongo hayapitishi hewa, na moto bila hewa hugeuka moshi. Kung'uta udongo kwenye mizizi kabla ya kuirundika. Panga vijiti vyembamba katikati, kisha matawi yakiwa yamesimama na kuegemeana kama paa la msonge, na yaliyo marefu yakate mafupi. Majani matupu yaliyolowa usihangaike nayo. Yapeleke kwenye shimo la mboji, yatakufaa zaidi huko.

Ya tatu ni ukubwa. Biwi la upana wa mita 1.5 na kimo hichohicho linatosha kabisa. Ukiwa na vitu vingi, washa biwi dogo kisha ulilishe kidogokidogo, badala ya kujenga mlima mmoja na kuomba uwake vizuri. Biwi kavu lililopangwa vizuri liwashe kwa juu. Moto hushuka polepole, na moshi unaotoka chini hupita katikati ya mwali na kuungua humo, kwa hiyo moshi hupungua sana.

Hapa ndipo watu huchukua petroli. Nakusihi usifanye hivyo hata kwa kikombe kimoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo ukimwaga haupandi juu ukapotea. Unashuka, unajipenyeza kati ya vijiti, unatambaa ardhini hadi miguuni pako. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali kuliko barafu. Ukiwasha kibiriti, hewa yote uliyosimama ndani yake inalipuka kwa mara moja. Biwi lisilowaka kwa konzi ya nyasi kavu na maganda ya mti linakwambia halijakauka. Na kama mtu ameshamwaga petroli, msiwashe. Ondokeni, acheni mvuke utawanyike, na biwi hilo lisiguswe siku hiyo.

Dalili ya pili: moshi haupandi, umelala chini na kuingia ndani ya nyumba

Mara nyingi hewa baridi imenaswa chini ya tabaka la hewa yenye joto, kama sufuria iliyofunikwa. Hutokea usiku na asubuhi na mapema, hasa mabondeni. Kabla ya kuwasha biwi, choma konzi ya nyasi na uutazame moshi wake. Ukipanda wima hatua kadhaa kisha ukajitandaza kama dari, subiri jua lipande. Lakini kuwa macho wakati huo wa kusubiri: kifuniko kile kinapofunguka, upepo uliokuwa juu hushuka ghafla, na palipokuwa kimya saa 3 asubuhi pakawa na mivumo saa 4. Nimeona watu wakiwasha katika utulivu ule wakidhani wamepata siku njema.

Moshi mweusi una sababu nyingine. Kuna plastiki, tairi, mbao zilizopakwa rangi au nguzo zilizotiwa dawa ndani ya biwi. Baadhi ya dawa za mbao zina aseniki, ambayo ni sumu, na moto hauiondoi. Hubaki katika jivu na hupanda na moshi. Toa vitu hivyo kabla ya kuwasha. Mimea yenye utomvu unaochoma ngozi, kama mnyaa, nayo usiichome, kwa kuwa moshi wake huumiza macho na kifua.

Zima kabisa endapo moshi unafunika barabara yenye magari, au kuna jirani mwenye pumu, mtoto mchanga au mzee anayeshindwa kupumua. Hapo hakuna cha kurekebisha, siku hiyo imeharibika.

Dalili ya tatu: cheche zinaruka na kutua nje ya duara

Angalia upepo kwanza. Huhitaji chombo. Majani ya mti yakitikisika bila kukoma, upepo uko kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa, na hapo usiwashe kitu kipya. Vumbi likiinuka na matawi madogo yakicheza, umefika kilomita 20 au zaidi, na unachopaswa kufanya ni kuzima. Jambo linalowaponza wengi ni alasiri: jua limekausha kila kitu, unyevu wa hewa umeshuka hadi chini kabisa kwa siku hiyo, upepo umeamka, nao bado wanalisha biwi kwa kuwa limebaki kidogo. Washa asubuhi umande unapoanza kukauka, na acha kuongeza kitu kabla ya saa 6 mchana. Kilichobaki kitangoja siku nyingine.

Baada ya upepo, tazama unachochoma. Maboksi, magazeti, makuti na maganda ya mkaratusi ni vyepesi na vipana. Vikishika moto hupaa vikiwa bado vinawaka. Kuti moja kavu huweza kuruka uzio. Kama ni lazima kuvichoma, vikate vidogo na uvilaze katikati chini ya matawi mazito, kidogokidogo.

Sababu ya mwisho ni biwi kubwa mno. Joto lake linavuta hewa kutoka kila upande na kuirusha juu pamoja na cheche. Usilichokonoe. Acha lishuke lenyewe huku ukilowesha ardhi upande ule upepo unakoelekea. Ukiona moto unaanza kuzunguka kama kimbunga cha vumbi, hata kidogo cha kimo cha mtu, rudi nyuma na uwaite zimamoto, maana mzunguko ule hubeba vijiti vinavyowaka mbali.

Dalili ya nne: milio kama ya risasi

Mianzi. Kila pingili ni chumba kilichofungwa chenye hewa na unyevu, ikipata joto inapasuka na kurusha makaa. Ipasue kwa panga kwanza. Mawe ya mtoni na vipande vya zege navyo hupasuka kwa maji yaliyomo ndani, kwa hiyo usizungushie biwi mawe uliyookota mtoni. Ikiwa mlio ni mkubwa kuliko wa mwanzi, huenda kuna kopo la dawa ya kupuliza au betri iliyochanganyika na takataka. Rudi nyuma, usiende kuangalia.

Dalili ya tano: moto umetoka, unatambaa kwenye nyasi

Piga simu zimamoto kwanza, au mtume mwenzako apige, kisha ndipo ushike sepetu. Watu wanaona aibu kupiga simu kwa moto mdogo. Moto mdogo ndio unaofaa kupigiwa simu, kwa sababu bado una uwezekano wa kuzimwa kabla haujawafikia wengine.

Kisha pima mwali. Ukiwa chini ya mita 1.2, takribani usawa wa kifua cha mtu mzima, mtu mwenye sepetu na maji anaweza kuukaribia. Ukizidi hapo, joto lenyewe halimruhusu binadamu kusimama mbele yake kwa zana za mkono. Hapo kazi yako si kuzima tena, ni kuwatoa watu na kuonyesha gari la zimamoto njia ya kuingilia.

Kama bado ni mdogo, anzia nyuma, pale palipokwisha kuungua, ukiwa umesimama kwenye weusi. Fuata ubavu mmoja ukizima ukingo kwa maji au udongo, uelekee kichwani, yaani mbele kule moto unakokimbilia. Usiuvizie kwa mbele, na usisimame juu ya mteremko moto ukiwa chini yako. Kila nyuzi 10 za mwinuko huongeza kasi ya moto unaopanda karibu maradufu. Anayekimbia kupanda kilima hushindana na kitu kinachoongeza mbio pale yeye anapoishiwa pumzi.

Ukishazimika, tafuta ulikopitia. Hizi ndizo njia zake.

Mara nyingi duara halikufyekwa hadi udongo. Watu hukata nyasi fupi wakaridhika, lakini moto unatambaa vizuri tu kwenye mabua yaliyobaki na majani yaliyolala chini. Unachotaka ni udongo mtupu, unaouona kwa macho, mita 3 kuzunguka biwi lote. Juu napo pawe wazi, pasiwe na matawi ya mti wala nyaya za umeme. Kutoka kwenye nyumba, banda au tangi la gesi mimi huacha mita 15, na zaidi upande ule upepo unakoelekea.

Njia ya pili ni imani kwamba mvua ya jana inatosha. Hili naomba tulielewe vizuri, kwa maana limedanganya hata wazoefu. Nyasi zilizokufa hufuata hali ya hewa kwa haraka ajabu: ndani ya saa 1 hivi ya jua na upepo zimeshakuwa kavu tena. Kijiti chenye unene wa kidole huchukua kama saa 10, na tawi la unene wa kifundo cha mkono kama saa 100. Kwa hiyo asubuhi baada ya mvua biwi lako ni bichi na linafuka, huku nyasi zilizolizunguka zikiwa tayari kuwaka. Unahangaika kuwasha kile kisichotaka, karibu na kile kinachotaka sana. Nyasi za kijani nazo zipekue kwa mkono. Mara nyingi chini yake kuna mabua ya mwaka jana, makavu kama karatasi.

Njia ya tatu ni mteremko. Gogo likiungua upande mmoja hupoteza mizani na kubiringika. Choma kwenye tambarare, au magogo ya duara yalaze yakielekea juu na chini ya mteremko, yasiweze kugeuka gurudumu.

Neno moja la mavazi, kwa sababu huja kukumbukwa mtu akishaumia: pamba nzito, mikono mirefu, buti za ngozi. Nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe mafuta, dawa ya meno wala yai. Kuungua usoni, mikononi, au eneo pana kuliko kiganja chake ni kwa daktari siku hiyohiyo.

Dalili ya sita: ulizima, na siku kadhaa baadaye panafuka tena

Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Mwali unaonekana na kila mtu anauogopa. Jivu jeupe lililotulia haliogopwi na mtu.

Niliwahi kuchoma biwi la matawi ya mkaratusi karibu na uzio. Nilimwaga ndoo nne, mvuke ukapanda, ukakoma, nikaenda zangu. Siku ya nne mchana upepo ulivuma, nikanusa moshi. Biwi lilikuwa baridi, jivu lake limegandamana kwa maji niliyomwaga. Kilichokuwa kinafuka ni nguzo ya uzio, zaidi ya mita 2 kutoka pale, na ilikuwa inafuka kutoka chini ya ardhi. Nilipochimba kati ya nguzo na biwi nilikuta mfereji mwembamba unaoingia mkono, kuta zake nyekundu za udongo uliokaushwa kwa moto. Ulikuwa mzizi wa mti uliokatwa miaka mingi nyuma. Moto uliufuata mzizi ule kama utambi, siku nne, juu yake nyasi zikiwa hazijabadilika hata rangi.

Muda wa siku nne ni mfupi. Mwaka 2022 huko New Mexico, Marekani, mabiwi ya matawi yaliyochomwa na idara ya misitu mwezi Januari yalibaki na moto ndani yake, yakapitiwa na theluji, na mwezi Aprili yakaamka. Moto huo, ulioitwa Calf Canyon, uliungana na mwingine wa Hermits Peak, na kwa pamoja ukateketeza zaidi ya hekta 138,000. Waliochoma mabiwi yale walikuwa watu wa kazi hiyo.

Sababu, kuanzia ya kawaida:

Maji yalimwagwa juu tu. Jivu ni blanketi zuri. Maji yanaligandisha juu na kutiririka pembeni, na kaa lililo chini halikuguswa. Mwaga, kisha vuruga kwa sepetu hadi chini kabisa, mwaga tena, vuruga tena, mpaka unachokishika ni tope. Gogo lililobaki lipindue, lichapwe kwa sepetu makaa yatoke, na upande wa chini ulowe. Kisha vua glavu, karibisha mgongo wa kiganja juu ya jivu bila kuligusa. Mgongo wa kiganja huhisi joto dogo ambalo macho hayalioni. Ukihisi chochote, rudia.

Lilifukiwa kwa udongo. Watu wengi hufanya hivi kwa nia njema maji yakiwa machache. Udongo juu ya makaa huyahifadhi, kama tanuri la mkaa. Udongo unafaa kuchanganywa na makaa hadi yapoe, haufai kuyafunika.

Kuna mzizi au kisiki chini. Dalili yake ni jivu linalozama katikati na kufanya kishimo kama kikombe, au tundu dogo lenye ukingo mwekundu. Chimba, ufuate mzizi hadi ufike kwenye mti mbichi au udongo baridi, ukate, ujaze maji tunduni. Dawa ya uhakika ni kutochoma kabisa juu ya kisiki.

Ardhi yenyewe inaungua. Udongo mweusi mwepesi wa kinamasi kilichokauka, au kiwanja kilichojazwa vumbi la mbao na takataka za zamani, ni kuni kama kuni nyingine. Ukichimba hatua moja kwenda chini na bado pana joto, au moshi unatoka sehemu mbili tatu zilizoachana, usiendelee kuchimba. Ardhi inaweza kuwa na uwazi chini na kukutumbukiza kwenye makaa. Weka alama, zuia watoto na mifugo, ita zimamoto. Moto wa namna hii huweza kukaa wiki kadhaa, nao wana zana za kupeleka maji kwa kina. Fanya hivyohivyo ukijua kuna bomba la gesi au waya wa umeme umepita chini ya hapo.

Ukaguzi wangu sasa ni huu. Jioni ya siku ya kuchoma, kiganja. Siku inayofuata saa za joto, kiganja na pua. Kisha kila alfajiri kwa wiki nzima, na kila mara upepo mkali unapotabiriwa, hata kama mwezi umepita. Alfajiri naipenda kwa sababu ya umande: unalala sawasawa juu ya nyasi na jivu, isipokuwa pale penye joto. Nikiona duara kavu mahali palipopaswa kulowa, hata likiwa dogo kama sahani, naenda kuchukua sepetu na ndoo.